Kusaga Nanofuwele Bila Kiyeyushi

Mabibi na mabwana, leo tutasaga nanofuwele, yaani fuwele za nanomita chache tu, na tutashika fuwele moja tu: CsPbBr3, semikondakta ya sesiamu, risasi na bromini, inayotoa mwanga wa kijani wa nanomita 520 hivi. Njia iliyochapishwa mwaka 2015, ambayo maabara nyingi huifuata, huyeyusha miligramu 69 tu za bromidi ya risasi katika mililita 5 za oktadeseni ya moto, kiyeyushi cha mafuta. Kiyeyushi tele, zao kiduchu. Kinu cha gololi, chombo kinachozungushwa ili gololi zilizomo zisage unga, huunda kampaundi hiyohiyo pasipo hata tone la kiyeyushi. Ila kuunda kampaundi ni kazi moja, kupata nanofuwele ni nyingine, na hapo ndipo wengi hujidanganya.

Kwa gramu 5 za zao, pimeni gramu 1.835 za bromidi ya sesiamu na 3.165 za bromidi ya risasi, moli kwa moli. Ya sesiamu hunyonya unyevu wa hewani. Isipokaushwa, mnapima maji pia, sesiamu inapungua, na CsPb2Br5, kampaundi nyingine tusiyoitaka, inajitokeza. Sesiamu ikizidi, mtapata nyingine tena, Cs4PbBr6.

Chombo kiwe cha zirkonia, kauri ngumu, mililita 50, chenye gololi 16 za zirkonia za milimita 10. Uzito wa gololi zote ni gramu 50 hivi, mara kumi ya unga. Chuma cha pua huchubuka na kuuchafua unga. Anzeni na mizunguko 300 kwa dakika: sageni dakika 10, pumzisheni 10. Mkiruka mapumziko, joto hupanda, unga hugandamana ukutani, na gololi huteleza juu ya ganda bila kusaga chochote. Likitokea, zimeni, kwangueni, endeleeni.

Weupe hugeuka manjano mapema, lakini msishangilie. Taa ya urujuanimno nayo ni shahidi dhaifu: Cs4PbBr6 yenyewe ni nyeupe, ila punje chache za CsPbBr3 zilizonaswa ndani yake zaweza kung'aa kuliko unga safi. Ulizeni eksirei ya shaba, ambayo fuwele huitawanya kwa pembe zake maalumu: kilele karibu na digrii 11.7 ni CsPb2Br5, karibu na 12.7 ni Cs4PbBr6.

Ukubwa je? Kilele cha digrii 30.7 chenye upana wa digrii 0.8, kwa fomula ya Scherrer, inayokadiria ukubwa wa fuwele kutokana na upana wa kilele, ni nanomita 10 hivi. Lakini kusaga hupindisha fuwele, na upindaji huo pia hutanua kilele. Mara nyingi hadubini ya elektroni huonyesha mabonge ya punje zilizoshikamana. Ongezeni mililita 0.2 za oleilamini, amini ya majimaji yenye mnyororo mrefu, takriban moli 7 kwa kila 100 za zao, izivike punje. Inabaki juu ya fuwele, kwa hiyo siihesabu kuwa kiyeyushi. Ikizidi, unga hunata kama ugali mbichi, na amini hung'oa bromidi ya risasi hadi Cs4PbBr6 irudi. Anayekwenda kuosha zao lake kwa nusu lita ya tolueni, huyo aache kujisifu kwamba hakutumia kiyeyushi.

Chombo kifunguliwe kikishapoa, ndani ya kabati la kufyonza hewa, kwa glavu na barakoa. Vumbi hili ni risasi: maji ya kuoshea gololi yawekwe kwenye dumu la taka, yasimwagwe kwenye sinki.