Kabla Hujanunua Skrini, Washa Tochi

Naona wengine mmekuja na skrini mpya za vifaa vyenu vya michezo vya mkononi, bado zimo kwenye maboksi. Haya. Ugomvi wangu na nyinyi unaanzia hapo hapo, na walionisikia siku za nyuma wanivumilie, wimbo ni ule ule.

Muuza mtumba ana sentensi moja tu: "Shida ni kioo, vingine vyote vizima." Kajuaje? Kaona giza, kasema kioo. Na wewe ukamwamini, ukaagiza.

Sicheki mtu. Nilinunua PSP, kifaa cha michezo cha mkononi cha Sony, lile toleo la kwanza la 2004. Taa ya kijani inawaka, sauti inatoka, skrini nyeusi tii. Nikaagiza nyingine, nikaifunga, picha safi! Ila nikaona imekaa upande kidogo, nikachomoa utepe mwembamba unaopeleka umeme kwenye taa ya skrini ili niuweke vizuri. Betri imo. Jamani, betri ya PSP hutolewa kwa kidole, hata bisibisi haitaki! Utepe ukaingia mshazari, kukamweka kidogo, giza. Nikasema nimeuziwa feki. Nikaagiza skrini ya tatu. Giza. Wiki nzima namsema muuzaji wa watu.

Kisha usiku mmoja ikanidondoka skrubu. Namulika tochi kuitafuta, mwanga ukapita kwenye skrini kwa ubavu, nikaona alama za menyu zinaelea mle ndani kama samaki kwenye maji machafu. Picha ilikuwepo muda wote! Kilichokufa ni taa ya nyuma, na niliyeiua ni mimi, kwa kuunguza fyuzi yake, ndogo kuliko punje ya mchele. Betri ile ni ya volti 3.6, lakini taa za skrini zimeungwa mfululizo, zinataka volti nyingi zaidi, kwa hiyo kuna saketi ya kuzipandisha. Utepe ukikaa upande umeme upo, volti hizo zinagusa pasipopaswa, na fyuzi inajitoa mhanga.

Nikabadilisha fyuzi. Kwa hasira nikaifunga ile skrini ya kwanza kabisa, niliyokuwa nimeitupa kwenye droo. Ikawaka. Utepe wake ulikuwa umelegea tu tangu siku naununua mzigo ule. Skrini mbili nimenunua za nini?

Basi: chumba chenye giza, washa kifaa, mulika kwa mshazari. Ukiona vivuli vya picha, rudisha hilo boksi ulikolitoa.

Najua kuna mjuaji hapo nyuma ana PS Vita, mrithi wa PSP, na anasubiri kunikosoa. Kweli, Vita ya mwanzo, ya 2011, ina skrini ya OLED. Kila nukta inajiwakia yenyewe, hakuna taa ya nyuma, na tochi haitakwambia kitu. Ya 2013 ni LCD, skrini yenye taa ya nyuma, hiyo mulika. Umeridhika? Tuendelee.

Mwingine atasema, "Skrini si ghali, si nijaribu tu?" Unajaribu kwa kufungua, na kila ukifungua unainua vile vibanio vya soketi vinavyoshika utepe, vyembamba kama ukucha wa mtoto. Kikivunjika kimoja, utepe hauna kinachoushika, na tatizo limehama kutoka skrini kwenda ubao mkuu.

Halafu ufa. Ufa si lazima uwe wa skrini. Kwenye Switch ya Nintendo ya 2017 kioo cha tachi, kile unachokigusa kwa kidole, ni kipande chake na LCD ni kipande chake. Picha ikiwa nzima, badilisha tachi peke yake. Ile ya OLED ya 2021 vimegandishwa pamoja, hapo huna ujanja. Ukiona madoa meusi kama wino uliomwagika, hiyo imekufa kweli, tochi ya nini tena.

Muda umenitupa mkono. Kuhusu skrubu: za Nintendo zenye mabawa matatu zina bisibisi yake, msilazimishe kwa kisu. Gundi ipashe moto polepole. Vumbi lipulize kabla ya kubandua nailoni ya skrini mpya. Game Boy ya 1989 yenye mistari ya wima iliyopotea nilitaka kuizungumzia kwa kirefu, ni utepe ulioachia, basi tutaiona kwa vitendo.

Nani wa kwanza? Weka hapa mezani. Betri itoe wewe mwenyewe, nikiona.