Saa tatu na Ceaușescu, bila msimulizi

Mabibi na mabwana, lawama mbili huiandama filamu ya Andrei Ujică ya mwaka 2010, Autobiografia lui Nicolae Ceaușescu, yaani tawasifu ya Nicolae Ceaușescu, mkomunisti aliyeitawala Romania hadi 1989. Kwanza, inachosha. Pili, inamsifu dikteta.

Kuchosha, inachosha kweli. Ni saa tatu bila msimulizi, bila mahojiano, bila hata maandishi ya kukutajia huyu ni nani au huu ni mwaka gani. Picha zote ni za kumbukumbu, zimechujwa kutoka zaidi ya saa 1,000 zilizopigwa enzi zake, nyingi na wapigapicha wa serikali ya Romania ambao kazi yao ilikuwa kumpamba. Ndiyo maana ikaitwa tawasifu. Filamu inaanza na kuishia kwenye kesi iliyomhukumu kifo mjini Târgoviște, Desemba 25, 1989, na yote ya katikati ni kana kwamba mshtakiwa anayakumbuka mwenyewe. Sasa mshtakiwa wa namna hiyo ataikumbuka foleni ya maziwa?

Hapo ndipo wengi hukwama. Wanasubiri kuonyeshwa njaa, baridi, Securitate, polisi wa siri, wakigonga mlango usiku. Hawavioni, wanasema filamu inasifu. Lakini angalieni ziara zake madukani, mikate imepangwa, rafu zimejaa. Mromania aliyeishi miaka ya 1980 anajua kwamba bidhaa zililetwa kabla ya msafara kufika na zikaondolewa msafara ulipoondoka. Mikate ilikuwa ya mgawo, nyama ilikuwa inauzwa nje ili kulipa deni la nje la nchi, dola bilioni 10 hivi, na televisheni ilipunguzwa hadi saa mbili kwa siku. Deni lilikwisha 1989, miezi michache kabla yake yeye. Asiyejua hayo ataona duka tu, kwa hiyo anayeonyesha filamu hii darasani awape watu maelezo ya nusu saa kwanza.

Jambo jingine ni sauti. Picha nyingi zilipigwa bila sauti. Nyayo, makofi na minong'ono mnayosikia vimetengenezwa baadaye, na kazi kubwa hapo ni ya mhariri Dana Bunescu. Mahali pengine pameachwa kimya kabisa. Kaeni mkisikiliza, maana maoni ya watengenezaji yamefichwa humo kuliko kwenye picha.

Kipande kinachostahili kutazamwa mara mbili ni mkutano mkuu wa 12 wa Chama cha Kikomunisti, Novemba 1979. Constantin Pârvulescu, mkomunisti mkongwe wa miaka 84, anasimama na kusema kwamba mkutano umeacha matatizo ya nchi na kushughulika na kumtukuza mtu mmoja, na kwamba yeye hatampigia Ceaușescu kura. Ukumbi unalipuka kwa makofi, ila makofi hayo ni ya kumzima. Baadaye alivuliwa ujumbe wa mkutano na kuwekwa chini ya ulinzi. Habari ya dakika mbili ingewaambia tu kwamba Ceaușescu alipingwa. Mkiwa mmeshakaa na makofi kwa zaidi ya saa nzima, mnayatambua yanapogeuka silaha.

Ziara ya 1971 Pyongyang, Korea Kaskazini, nayo ni ndefu kupita kiasi, umati baada ya umati, na sababu ipo: mgeni anatazama jinsi ya kutukuzwa. Alirudi nyumbani, na Julai 6 mwaka huohuo akatangaza hoja zake za kuwabana wasanii na wasomi.

Nisipoitetea ni kwenye ziara za viongozi. De Gaulle 1968, Nixon 1969, Malkia Elizabeth 1978: tunaelewa mapema kwamba nchi za Magharibi zilimpenda kwa kujitenga na Moscow, hasa Agosti 1968 alipolaani Wasovieti kuivamia Czechoslovakia. Robo ya misafara hiyo ingekatwa, na filamu isingepungukiwa kitu.

Lakini walimu, msichukue kipande cha dakika kumi mkakionyesha peke yake. Picha hizi zilipigwa ziwe propaganda, na kwa dakika kumi zinarudi kuwa propaganda. Kinachozivua nguo ni kujirudia kwake saa baada ya saa. Kama muda hautoshi, gaweni vikao viwili, na mkatize baada ya sehemu ya Korea. Wapeni watazamaji karatasi yenye miaka sita tu: 1965 alipochukua chama, 1968, 1971, 1977 ya tetemeko la Bucharest, 1979 na 1989.