Yemen: Rais Aliondoka, Bunduki Zikabaki

Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, nanyi vijana mliojaa mpaka mlangoni, asalaam aleikum na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie kipindi cha mpito cha Yemen. Kwetu watu wa pwani hii, Yemen si nchi ya mbali. Wamo humu ukumbini ambao babu zao walishuka jahazini kutoka Shihr na Mukalla. Basi tuizungumze kwa uchungu unaostahili.

Mwaka 2011 Ali Abdullah Saleh alikuwa madarakani tangu 1978, kwanza Kaskazini, kisha nchi nzima baada ya muungano wa Mei 1990. Vijana wakapiga kambi nje ya Chuo Kikuu cha Sana'a, mji mkuu, wakimtaka ang'oke. Tarehe 18 Machi wadunguzi wakawamiminia risasi kutoka juu ya mapaa, wakaua watu zaidi ya 40. Siku tatu baadaye Jenerali Ali Mohsen al-Ahmar, mkuu wa Divisheni ya Kwanza ya Deraya, akajiunga na waandamanaji. Watu walishangilia sana. Lakini kuanzia siku hiyo dai la vijana liligeuka mvutano wa wakubwa wenye vifaru, ndani ya mji mmoja.

Nchi za Ghuba zikaleta mpango, na Saleh akautia saini mjini Riyadh tarehe 23 Novemba 2011. Makamu wake, Abdrabbuh Mansur Hadi, akawa rais Februari 2012 kwa uchaguzi wenye mgombea mmoja tu. Siwalaumu walioushangilia mpango huo. Aliyekuwa ameiona Libya mwaka ule alikuwa na kila sababu ya kuogopa vita. Ila tazameni masharti yake. Saleh alipewa kinga ya kutoshtakiwa, wala hakutakiwa kuacha siasa. Alibaki mwenyekiti wa chama chake, na upande wake ukapata nusu ya baraza la mawaziri. Mwanawe, Ahmed Ali, aliendelea kuongoza Walinzi wa Jamhuri, kikosi chenye silaha bora kuliko vyote nchini.

Sasa nawauliza: rais mpya akitoa amri, nani ataitekeleza?

Hadi hakukaa bure. Desemba 2012 aliamuru vikosi vyote viwili vivunjwe, cha Ahmed Ali na cha Ali Mohsen. Mwaka uliofuata Ahmed Ali akapelekwa kuwa balozi Falme za Kiarabu. Lakini maofisa wa chini yake walikuwa wameajiriwa na kupandishwa vyeo na familia ile kwa miaka mingi, na utii wao haukuhamishwa na barua ya ikulu. Orodha za mishahara zilijaa askari hewa, fedha zao zikiishia mifukoni mwa makamanda. Al-Qaeda waliuona udhaifu huo mapema. Tangu 2011 walishika Zinjibar na Jaar, mkoani Abyan, mpaka walipotimuliwa Juni 2012. Na mwezi mmoja kabla ya hapo, mtu wao alijilipua katikati ya askari waliokuwa wakifanya mazoezi ya gwaride Sana'a. Walikufa zaidi ya 90.

Yalikuwapo pia Mazungumzo ya Kitaifa, kuanzia Machi 2013 hadi Januari 2014. Siyadharau hata kidogo. Wajumbe 565, nusu yao wakiwakilisha Kusini, na asilimia 30 ya nafasi wakitengewa wanawake. Mwanamke kubishana na sheikh wa kabila juu ya katiba, ana kwa ana, hadharani, ni jambo ninaloliheshimu mpaka leo. Tatizo ni kwamba waliokuwa wakijadiliana hotelini hawakuwa na jeshi, na wenye majeshi hawakuyangoja maazimio yao.

Ulipotangazwa mpango wa majimbo sita, Wahouthi, waasi wenye silaha kutoka milima ya Kaskazini, waliukataa, kwa kuwa jimbo lao la milimani halikupewa bahari. Julai 2014 serikali ikaondoa ruzuku ya mafuta, bei zikaruka, na hasira ya wananchi ikawapa Wahouthi njia. Tarehe 21 Septemba waliishika Sana'a. Saleh alikuwa amepigana nao vita sita kati ya 2004 na 2010. Safari hii vikosi vilivyomtii viliwaachia njia. Baadaye wakakosana, nao wakamuua Desemba 2017.

Machi 2015 Saudia na washirika wake wakaanza kuwashambulia Wahouthi kwa ndege. Mwezi uliofuata al-Qaeda wakaingia Mukalla, jeshi likatawanyika, wakabeba fedha za tawi la benki kuu na kuutawala mji kwa mwaka mzima. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa kufikia mwisho wa 2021 vita vilikuwa vimesababisha vifo 377,000, na zaidi ya nusu vilitokana na njaa, maradhi na kukosa huduma.

Aprili 2022 Hadi alikabidhi madaraka kwa Baraza la Uongozi la watu wanane. Kadhaa kati yao walikuja na majeshi yao wenyewe. Kwa hiyo nikisikia habari za mazungumzo mapya, siulizi kwanza nani kapewa wizara gani. Nataka orodha ya mishahara ya askari iwekwe mezani siku ya kwanza: nani yumo, nani anamlipa, nani anamwamuru.

Ahsanteni. Karibuni kwa maswali.