Mali Haikai Ndani ya Kontena

Assalaamu alaykum ndugu zangu, na ahsanteni kwa kuja Chake Chake na jua lote hili.

Mukisikia kontena, najua mawazo yanakwenda Mkoani au Malindi, bandarini. Wacheni yakae huko huko. Docker, programu ya kuendesha makontena ya kompyuta, ilipotoka mwaka 2013 nembo yake ilikuwa nyangumi aliyebeba makontena mgongoni: sanduku lenye kila kitu ambacho programu inakihitaji, unalishusha kwenye kompyuta yoyote. Tofauti ni moja tu. Kontena la bandarini mali imo ndani. Hili letu, ukiweka mali ndani umekwisha.

Kwa nini? Kwa sababu kulisasisha ni kulitupa. Hulitii viraka, unaliondoa la zamani, unasimamisha jipya kutoka kwenye imeji mpya, yaani kifurushi cha programu kinachozaa kontena, na kilichoandikwa ndani ya lile la zamani kinaondoka nalo. Kwa hiyo mafaili na hifadhidata tunaviweka nje, kwenye volyumu, yaani hifadhi ya diski iliyo nje ya kontena, na kontena linapewa mlango tu wa kuingilia.

Skulini kwetu tunatumia Nextcloud, programu ya kuweka na kugawana mafaili kwenye seva yako mwenyewe, ile iliyojitenga na ownCloud mwaka 2016. Inakaa kwenye laptopu iliyopasuka kioo. Musicheke! Umeme ukikatika betri yake inatuvusha, na intaneti ikipotea mwalimu bado anafungua mitihani kwa simu yake, maana seva imo humo humo skulini, kwenye waifai yetu.

Sasa niwape aibu yangu. Kwenye faili la compose, linaloiambia Docker iwashe makontena gani, pale pa namba ya toleo, niliandika latest, yaani nipe lolote jipya. Siku moja nikavuta imeji, PostgreSQL, hifadhidata yetu, ikaruka kutoka toleo la 15 hadi 16, ikagoma kuwaka. Jasho lilinitoka. Kumbe data ilikuwa salama, ila toleo jipya halisomi folda la toleo la zamani. Nikaandika 15, ikaamka. Kuhama kwake ni kuitoa data yote kwa pg_dump, amri yake ya kutoa nakala, kisha kuirejesha kwenye volyumu tupu ya toleo jipya. Nextcloud nayo haikubali kurukwa: kutoka 28 unapita 29 kwanza ndipo 30. Andikeni namba, jamani.

Na kabla ya kugusa chochote: washa hali ya matengenezo ya Nextcloud, watu wasiitumie kwa muda, toa nakala ya hifadhidata na ya mafaili, ipeleke kwenye diski nyengine. Halafu ndio docker compose pull, ya kuvuta imeji mpya, kisha docker compose up -d, ya kusimamisha makontena mapya.

Naona nyuso hazijaamini. Kijana mmoja aje hapa mbele, aliondoe kontena hili sasa hivi, na picha zenu za asubuhi zimo kwenye volyumu yake. Andika docker compose down, basi. Usiongeze -v, tafadhali, hiyo inafuta na volyumu.