Robo Saa ya Kwanza Hutaona Kitu: Mhadhara wa Kukaa Kimya Mikokoni

Assalaam aleikum, na habari za asubuhi. Mada tuliyopewa leo ni kukaa kimya mikokoni na kuhuishwa, yaani kurudishiwa uhai. Wengi mmekuja na daftari, mkitaraji mkoko utawafundisha subira na kaa awafundishe unyenyekevu. Daftari tuziweke kando kwa sasa. Anayeingia mikokoni na somo lake mfukoni hutoka nalo lilelile.

Mfano ni huu. Husemwa kwamba mkoko unapenda chumvi, basi nasi tuzipende shida zetu. Si kweli. Mkoko huichuja chumvi mizizini, sehemu kubwa ikabaki nje. Mchu, mti mwenzake wa mikokoni, huacha kiasi kiingie, kisha hukitoa kwa majani. Pitisha ulimi juu ya jani la mchu siku ya jua kali utaionja. Mvua ikinyesha, husafika. Miti yote miwili hutumia nguvu nyingi kuishinda chumvi, kila mmoja kwa njia yake. Kwa hiyo wale waliohubiri mapenzi ya shida hawakuutazama mti.

Tuanze na saa. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu. Bandarini Unguja, tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hukaribia mita 4; siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ni kama mita 1 tu. Anayeanza achague bamvua, maana kupwa kwake huangukia kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na matope huwa wazi kwa eneo kubwa. Kila siku kupwa huchelewa, kwa wastani dakika 50 hivi. Ndani ya ghuba kama Chwaka maji huchelewa kuliko bandarini, kwa hiyo jedwali la bandari la saa za kujaa na kupwa lisikupe kiburi. Muulize mvuvi wa palepale.

Fika saa moja kabla ya kupwa kabisa. Chukua kofia, maji ya kunywa, viatu vya kufunga kamba (ndala zitabaki topeni, na utabaki kuzifukua), na kipande cha ubao cha kukalia. Tafuta ukingo ambapo michu inaishia na tope lenye mchanga kidogo linaanza, penye mashimo mengi ya kaa, ya upana wa kidole. Kaa hatua tatu kutoka kwenye mashimo. Jua liwe ubavuni: likiwa mgongoni, kivuli chako kitayafunika mashimo na hatatoka mtu.

Na ukae chini kabisa, usichuchumae wala kusimama. Wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa wana macho yaliyo juu ya vijiti. Kitu kinachojitokeza juu ya mstari wa upeo wao wa macho wanakihesabu kuwa ndege anayewinda. Kadiri unavyokuwa mfupi ndivyo wanavyokusahau mapema.

Halafu kimya. Robo saa ya kwanza hutaona kitu, na hapo ndipo wengi hunyanyuka wakasema pamekufa. Ukinyoosha mguu, hesabu inaanza upya. Ukipiga mbu, vilevile. Jipake dawa kabla ya kuondoka nyumbani. Chagua shimo moja, ukae nalo. Macho yakirukaruka kutoka shimo hili hadi lile utaona kaa wengi na hutajua habari ya hata mmoja.

Atakayetoka akiwa jike, ana magando mawili madogo, na anakula kwa yote mawili: anachota tope, analisugua mdomoni, anabakiza chakula, na tope lililobaki analitema kuwa kidonge. Vile vidonge vidogo vilivyotapakaa kuzunguka shimo ndivyo hivyo. Dume anakula kwa gando moja tu. Lile kubwa, ambalo laweza kufika theluthi ya uzito wake au zaidi, halimletei hata tonge moja. Hulipunga kuwaita majike na kuwatisha madume wenzake. Hesabu mwenyewe: jike amechota mara ngapi kwa dakika, na dume mara ngapi? Gharama ya fahari utaiona kwa namba.

Mada yetu imetaja kuhuishwa, basi tazameni hapa kwa makini. Dume akipoteza gando kubwa, huota jingine upandeni palepale, kidogo kidogo kila anapojivua gamba. Katika baadhi ya kaa hawa gando jipya hufikia urefu wa lile la kwanza, lakini ni jepesi na misuli yake ni haba. Kwa kupunga linatosha kabisa. Kwa kupigana, halifai sana. Tunapenda kusema kilichovunjika hurudi kama zamani. Kaa huyu hana ushahidi huo.

Kutokutazama kuna hasara ya fedha pia. Upandaji mwingi wa mikoko umekufa kwa sababu mbegu zilichomekwa kwenye tope tupu lililo chini mno. Maji yakazifunika muda mrefu kuliko mche unavyostahimili, viganda vya bahari, vile viumbe vidogo vya gamba gumu, vikagandia mashina yakalemewa. Kukaa pale toka kujaa hadi kupwa kungeonesha kwamba hakuna mche ulioota hapo wenyewe, na palipo na miche ya asili ni juu kidogo.

Maji yakianza kurudi, kaa wengi huvuta donge la tope na kuziba mlango. Hiyo ndiyo ishara ya kunyanyuka. Msingoje maji yafike miguuni, kwa sababu vijito vya nyuma hujaa kwanza, na njia mliyojia inaweza kuwa imeshafunikwa.

Leo kupwa ni saa 4 unusu. Mbao ziko mlangoni, kila mtu achukue moja, na simu zizimwe hapahapa kabla hatujaondoka.