Mashahidi Watatu Ndani ya Kabati Moja

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Mbele hapa naona wanafunzi wa uhandisi, na kule nyuma mafundi mliotoka zamu ya usiku. Wa nyuma wameshaanza kusinzia, kwa hiyo nitasema kwa sauti.

Kwenye mitambo ya gesi, mafuta na kemikali kuna mifumo miwili ya kompyuta. Wa kwanza unaendesha: unafungua vali, unapunguza moto, unaongeza maji. Wa pili hauendeshi kitu. Mwaka mzima kazi yake ni kutazama tu, mpaka presha ipite kiwango na aliyeko zamu amechelewa. Hapo ndipo unafunga vali na kuzima kila kitu. Mafundi tunasema mtambo umetripu. Leo nazungumzia huo wa pili.

Ukifungua kabati lake, kwa aina ninayoijua vizuri, utakuta kadi tatu za prosesa zimepangwa pamoja, zinafanana kama mapacha. Kamusi zinasema vichakataji. Kazini utasikia prosesa, nami nafuata ya kazini. Mtu akiona tatu husema haraka, "kama mafiga." Hapana. Ng'oa figa moja uone chungu kinakwenda wapi. Kadi hizi ukichomoa moja, tena umeme ukiwa umewaka, kazi inaendelea. Zifananishe na mashahidi watatu mbele ya kadhi: wawili wakikubaliana, wa tatu hata akisema mengine, hukumu inatoka. Kila prosesa inapokea taarifa za sensa, yaani vifaa vya kupima mtambo, kwa njia yake, zinalinganisha walichosikia, kila moja inapiga hesabu peke yake, kisha majibu yanapigiwa kura kabla vali haijaguswa. Hayo yote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, halafu yanaanza upya.

Wazo si jipya. Kompyuta ya SAPO kule Prague, ya Antonín Svoboda, iliyokamilika mwaka 1957, ilikuwa na sehemu tatu za hesabu zinazopigiana kura, kwa sababu relei zake, yaani swichi za umeme, hazikuaminika. Viwandani jina lililovuma kwa makabati haya ni Triconex, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1983.

Sasa toeni kalamu. Kwa nini tatu? Tuchukue, kwa mfano tu, prosesa inayoshindwa mara 1 katika kila mara 100 inapohitajika, na ambayo mara 1 katika 100 inatripu bila sababu. Weka mbili, sema yeyote akipiga kelele tunazima. Hatari ya kushindwa kuzima inashuka hadi 1 kwa 10,000, lakini kelele za uongo zinakaribia 2 kwa 100. Geuza, sema mpaka zote mbili zikubaliane. Kelele za uongo zinakaribia kwisha, na hatari ndiyo sasa inapanda hadi 2 kwa 100. Weka tatu, wawili wakubaliane: pande zote mbili unapata kama 3 kwa 10,000.

Na msiichukulie kelele ya uongo kuwa ni hasara ya fedha tu. Kuwasha mtambo upya ni saa za hatari. Texas City, Machi 2005, watu 15 walikufa wakati kitengo cha kiwanda cha mafuta kikiwashwa.

Hapa wanafunzi hufurahi wakafunga madaftari. Msifunge. Hesabu ile inadai kwamba kila shahidi amejionea mwenyewe. Je, kama wote watatu walikaa chumba kimoja wakafundishwa na mtu mmoja? Feni ya kabati ikifa, joto linawapata wote. Bomba la kiyoyozi likivuja, maji yanadondokea wote. Na programu iliandikwa mara moja, ikanakiliwa mara tatu! Tuseme 5 tu katika kila hitilafu 100 zinazipiga prosesa zote kwa pamoja. Basi 5 ya mia ya ile 1 kwa 100 ni 5 kwa 10,000, na sisi tulijivunia 3 kwa 10,000. Kile tulichokiacha nje ya hesabu kimekuwa kikubwa kuliko hesabu yenyewe.

Wenye roketi ya Ariane 5 walilipia somo hili tarehe 4 Juni 1996. Vifaa vya kupima mwelekeo vilikuwa viwili, kimoja cha kazi, kimoja cha akiba, programu ile ile iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Namba moja ilikua kupita nafasi yake ya biti 16. Cha akiba kilikufa kwanza, cha kazi kikafuata papo hapo kwa ugonjwa ule ule, na roketi haikumaliza dakika. Space Shuttle, chombo cha anga cha Marekani, kwa upande wake, ilikuwa na kompyuta nne zenye programu moja na ya tano yenye programu iliyoandikwa na kampuni nyingine. Hilo nalo lina gharama yake: Aprili 1981 safari ya kwanza iliahirishwa siku mbili kwa sababu ya tano haikuoanisha muda na wenzake.

Sasa mwaka 2017, kiwanda cha petrokemikali Saudi Arabia. Juni mtambo ulitripu, ikadhaniwa ni hitilafu ya kawaida. Agosti ukatripu tena, safari hii wakachimba. Wakakuta wavamizi wamepenya mtandaoni hadi kompyuta ya mainjinia, na kutoka hapo wanapandikiza programu yao ndani ya prosesa za Triconex zenyewe. Ikaja kuitwa Triton. Yaani mwizi aliyeanza kwa kumlisha mlinzi dawa ya usingizi. Prosesa zikakagua programu zao, ukaguzi ukagoma kulingana, mtambo ukajizima. Msizisifu kadi sana: mvamizi alikosea kuandika. Angeandika vizuri, mashahidi wote watatu wangekula kiapo kimoja cha uongo.

Na jambo linaloniuma ni hili. Kontrola hiyo, yaani kabati zima la prosesa, ina swichi ya ufunguo. Ukiugeuza upande wa kazi, haipokei programu mpya. Ufunguo ulikuwa umeachwa upande wa kupokea.

Swali? Ndiyo, kaka pale nyuma. Anauliza: kadi moja ikiwaka taa nyekundu na mtambo unaendelea, kuna ubaya gani kusubiri?

Kaka, umebaki na mashahidi wawili. Wakitofautiana hakuna wa kuamua. Kuna kiwanda nilikwenda, sitakitaja, nikakuta taa hiyo inawaka na vumbi limetanda juu yake. Nikauliza spea iko wapi. Iko stoo, ndani ya boksi lake, fomu ya kuitoa inangoja saini. Kadi ni ya kuchomeka kwa dakika chache! Kwenu imewaka tangu lini? Sema tu, usiogope.

Tangu Ramadhani?

Basi tukitoka hapa usiondoke, nikusindikize kwa meneja wako.