Kabla ya Dari, Panda Kwenye Kenchi

Ndugu zangu, nimelisema hili Mbagala, nimelisema Kigamboni, na leo nalirudia: fundi wa dari akifika kwako akaanza kukuonesha picha za maua na taa kwenye simu, mwambie aiweke mfukoni, apande kwanza kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, akague kama bati linavuja.

Mama mmoja wa Tabata aliniita mwezi wa nne, masika yamekolea. Dari yake ya jipsamu ilikuwa na miezi mitano tu. Katikati ya sebule, doa la rangi ya chai, kubwa kama sinia. Fundi wake alishalipaka rangi mara mbili, na mara zote likarudi limepanuka. Nikalibonyeza, kidole kikazama kama kwenye ugali wa moto. Jipsamu ikilowa inalainika na kuwa nzito. Skrubu zinabaki kwenye chaneli, yaani vyuma vya fremu, bodi inashuka. Nikapanda juu na tochi. Msumari mmoja wa bati ulikuwa umekosa papi, ile mbao ya kupigiliwa bati. Tone linaingia pale, linatambaa juu ya mbao, linakuja kudondoka mita nzima kutoka kwenye tundu. Fundi alikuwa akichungulia juu ya doa, hilo tundu atalionaje? Msumari mmoja! Mama akaniambia, "Fundi, wajukuu wangu wanalala hapa hapa chini." Siku hiyo hiyo tulishusha bodi nne.

Najua mtaniuliza: tukifunga dari kiangazi, mvua ya kutuonesha panapovuja tutaitoa wapi? Shika mpira wa maji, mwagia bati nusu saa, mwenzako akae ndani ya kenchi na tochi. Maji ni ya kununua? Sawa, piga hesabu: ndoo kumi za maji na bodi nne za jipsamu, kipi ghali? Na wewe unayesema utaweka dari ya plastiki, PVC, kwa kuwa haiogopi maji: yenyewe hailowi, kweli, lakini inakuficha tundu. Maji yanatuama juu yake, mbao zinaoza, na nyaya za umeme zimepita huko huko.

Muda unaniishia, haya mengine shikeni haraka. Waya za kuning'inizia fremu zifungwe kwenye kenchi, zisiachane zaidi ya mita 1.2. Usawa upimwe kwa mpira mwembamba wenye maji, kona hadi kona. Msipime kutoka sakafuni, sakafu nyingi zimelala upande. Feni isifungwe kwenye bodi hata siku moja, ishikwe na mbao ya kenchi.

Na acheni mlango wa kupandia juu, sentimita 60 kwa 60, hata kama ni stoo au koridoni. Yule mama wa Tabata hakuachiwa. Ili nifike kwenye ule msumari, ilibidi nifungue bati mbili, huku mawingu yametanda.